Midahalo ya Republican: ukumbi uleule, mikono ileile

Agosti 2023 nilitega alamu saa kumi alfajiri niangalie mdahalo wa kwanza wa mchujo wa chama cha Republican cha Marekani kutafuta mgombea urais wa 2024, ule wa Milwaukee, kwao bado ni usiku wa jana yake na huku kwetu hata adhana bado. Jukwaani wagombea wanane. Mwenye chama hayupo. Trump wakati ule tafiti za maoni zilikuwa zinampa zaidi ya nusu ya wapiga kura wa chama, akasema watu wananijua bwana sina haja na midahalo, akaenda zake kwenye mahojiano na mtangazaji Tucker Carlson yaliyorushwa mtandao wa X muda huohuo. Nikabaki na kikombe changu cha chai najiuliza sasa mimi nimeamkia nini.

Tangu siku hiyo nabishana na washkaji kuhusu hii kitu. Wapo wanaosema midahalo ya mchujo ni maigizo, chama kishajua kinakoenda, 2028 waifute tu watu walale. Wengine wanasema ukiifuta umekabidhi chama kwa mtu mmoja na hati juu.

Wa maigizo wana ushahidi mwingi, tusiwabanie. Ili upande jukwaani Milwaukee chama kilitaka uwe na angalau 1% kwenye tafiti na wachangiaji 40,000. Doug Burgum, wakati ule gavana wa North Dakota, tajiri aliyeuza kampuni yake ya programu kwa Microsoft, akatangaza ukimchangia dola 1 anakupa kadi ya manunuzi ya dola 20. Huku kwetu hiyo ina jina lake, takrima, tena mchana kweupe. Akafuzu. Halafu siku moja kabla ya mdahalo akacheza kikapu akaumia mshipa wa kisigino, akasimama pale usiku mzima na mguu mbovu, na leo ukiuliza Burgum alisema nini hakuna anayekumbuka, watu wanakumbuka kisigino.

Watazamaji nao walipungua. Mdahalo wa kwanza wa 2015 kule Cleveland, Trump akiwepo, uliangaliwa na watu kama milioni 24. Huu wa Milwaukee haukufika milioni 13, na ule wa nne Tuscaloosa ulikuwa kwenye milioni 4 hivi. Na kibaya zaidi, kesho yake tu baada ya Milwaukee, Trump akaenda kujisalimisha jela ya Fulton kule Atlanta kwa kesi ya uchaguzi wa Georgia, ikatoka ile picha yake ya polisi amekunja uso, kampeni ikaichapa kwenye tisheti na vikombe ikauza, na masaa mawili ya hoja za watu wanane yakafutika kama hayajawahi kutokea. Ukitafuta kiki, ile ndo kiki.

Ila kuna dakika moja ya usiku ule mi bado naing'ang'ania. Bret Baier, mtangazaji wa Fox News aliyekuwa anaongoza mdahalo, aliuliza, Trump akitiwa hatiani mahakamani na bado akawa mgombea wa chama, nani atamuunga mkono, anyooshe mkono. Vivek Ramaswamy, mfanyabiashara, akarusha juu fasta. Ron DeSantis, wakati ule gavana wa Florida, akachungulia kwanza huku na huku kuona wenzie wanafanyaje, ndo akanyoosha. Ikawa mikono sita, Pence akiwemo, yule makamu wa Trump ambaye Januari 6, 2021 watu walivamia bunge wakitaka anyongwe. Chris Christie, gavana wa zamani wa New Jersey, akainua kidole nusunusu halafu akakitikisa kwamba hapana, Asa Hutchinson, gavana wa zamani wa Arkansas, hakunyoosha kabisa. Pale chama kilijieleza bila hotuba, na bila mdahalo tusingekiona.

Na ukirudi nyuma kidogo ndo utaona kwa nini siwezi kusema zifutwe. Februari 2016, Greenville, South Carolina, jimbo lililojaa wanajeshi na maveterani, Jeb Bush yupo jukwaani na kaka yake, George W. Bush, ndiye aliyepeleka jeshi Iraq. Trump akasema vita ile ilikuwa kosa kubwa na zile silaha za maangamizi hazikuwepo. Ukumbi ukamzomea. Wachambuzi wengi wakasema hapa kajimaliza. Wiki moja baadaye akashinda jimbo, akabeba wajumbe wote 50 wa kupitisha mgombea, na Jeb akajitoa usiku uleule. Yani wale waliokaa ukumbini wakizomea na wale waliokaa nyumbani wakiangalia walikuwa vyama viwili tofauti, na hakuna aliyekuwa anajua mpaka mtu alipothubutu kuisema hadharani mbele ya ndugu wa mhusika.

Kosa ambalo kambi zote mbili zinafanya, kwa maoni yangu, ni kuupima mdahalo kwa nani kashinda. Mdahalo unaweza kukumaliza, hilo sawa. Rick Perry, gavana wa Texas wakati ule, 2011 alisema atafuta wizara tatu, akataja mbili, ya tatu ikamtoka kichwani mbele ya nchi nzima, na ilikuwa ya Nishati, halafu 2017 Trump akampa wizara hiyohiyo aiongoze, siasa nayo ina utani wake. Seneta Marco Rubio (wakati ule) 2016 alirudia sentensi ileile kama kaseti iliyokwama huku Christie akimchana kwamba amekariri, siku tatu baadaye New Hampshire akawa wa tano. Christie mwenyewe akawa wa sita! Kumuua mwenzio jukwaani hakukupi kura zake.

We sikiliza hoja, mwenye hoja muache. Milwaukee, Nikki Haley, aliyewahi kuwa balozi wa Trump Umoja wa Mataifa, aliwaambia wenzie kuhusu utoaji mimba kwamba marufuku ya nchi nzima inataka kura 60 za Seneti na hamna, tuwe wakweli, Pence akampinga vikali. Haley akapigwa chini kwenye mchujo, lakini ilani ya chama ya 2024 ikaacha kudai marufuku ya nchi nzima na suala likabaki kwa majimbo. Sisemi Haley ndo aliiandika, Trump alikuwa na hesabu zake za kura, ila mjadala ulishaanza pale. Ramaswamy naye alisema Ukraine isiongezewe pesa, Haley akamwambia huna uzoefu wowote wa mambo ya nje na inaonekana, ukumbi ukashangilia. Kura za Iowa, jimbo la kwanza la mchujo, Ramaswamy akaambulia chini ya 8%. Lakini mtu aliyekuja kuchukuliwa na Trump kuwa makamu ni JD Vance, aliyepinga msaada huohuo Seneti. Makofi alipata Haley, msimamo wa Ukraine uliopanda juu ni wa yule aliyechanwa.

Wa maigizo watasema basi yote haya yangejulikana hata kwa hotuba. Labda. Ila hotuba hamna wa kukukatisha.

Mei 2024 Trump akatiwa hatiani New York, makosa 34, swali la Baier likawa sio la kufikirika tena. Julai chama kikafanya mkutano mkuu, na kilifanyia wapi, ukumbi uleule wa Milwaukee. Haley, DeSantis, Ramaswamy, Seneta Tim Scott (naye mmoja wa wale wanane), Burgum wakapanda mmojammoja kumuombea kura. Pence, aliyenyoosha mkono, hakuwepo, alishasema Machi kwamba hatamuunga mkono.

2028 Trump katiba haimruhusu kuchaguliwa tena, kwa hiyo swali la chama cha Reagan, rais wa miaka ya 80, cha biashara huria na jeshi la kila kona, au chama cha ushuru na Marekani kwanza, litaulizwa bila yeye kwenye karatasi ya kura. Vance ni mtu anayejua kubishana, mdahalo wake wa 2024 na Tim Walz, mgombea mwenza wa Democrat, alionyesha. Lakini akiwa anaongoza kwa pointi 30 kwa nini apande pale akachanwe na watu wa 4%? 2023 chama kiliweka masharti kibao kwa wale wa chini, mpaka mtu akagawa kadi za dola 20, na kwa kinara hakikuweka hata moja la kumlazimisha afike.