Mzigo umefika, punda hajafa

"Punda afe, mzigo ufike," tunasema. Kwa wenye mikokoteni wa Nzega na Igunga, swali gumu ni la punda aliyefikisha mizigo miaka nenda rudi, akazeeka, na bado yu hai. Afanywe nini?

Maksai ana njia yake. Akichoka kulima hunenepeshwa kidogo, hupelekwa mnadani, na fedha yake hununua ndama. Punda hana mnada wa namna hiyo. Huku Tabora wengi hawali nyama yake, na kwa Waislamu punda wa kufugwa ni haramu. Kwa hiyo hufunguliwa kamba na kuachwa. Ndio hao tunaowakuta kando ya barabara, makovu ya kamba mabegani, kwato zimerefuka hadi wanatembea kwa kuchechemea.

Kuna wakati hata punda mzee alikuwa na bei. Machinjio ya Shinyanga na Dodoma yalinunua punda kwa sababu ya ngozi, ambayo huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya asili ya Kichina. Wapo wanaosema biashara ile ilikuwa na heri yake: mwenye mali alipata chochote, na mnyama hakufa kwa njaa. Hoja hii ina uzito. Anayeishi kwa kusomba maji na kuni hawezi kulisha kwa huruma tu mnyama asiyefanya kazi, hasa kiangazi kinapokolea na majani kwisha.

Lakini mnunuzi wa ngozi hakuwa anatafuta wazee peke yao. Alichukua wenye nguvu na wenye mimba pia, na punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima ili kuzaa mtoto mmoja tu. Kwa mwendo huo punda wangekwisha. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ila kumwondoa mnunuzi hakujamletea punda mzee malisho.

Wengine husema mwache aende zake, Mungu atamtunza. Kumuua aliyekulisha ni dhuluma. Kwa punda ambaye bado ana afya, nakubaliana nao nusu. Akitunzwa anaweza kuvuka miaka 30, kwa hiyo kuchoka mkokoteni hakumaanishi kuchoka kuishi. Uingereza farasi aliyestaafu mbio hufundishwa upya kazi ya kupandwa kwa utulivu. Punda wetu naye aweza kupunguziwa mzigo, abebe madumu mawili ya maji badala ya kuvuta magunia ya mpunga. Hilo lifanyike mapema, kabla magoti hayajaanza kumkunjika.

Kisha mtazame anapokula. Meno yakishalika, hutafuna nyasi na kuzitema zikiwa vidonge vilivyolowa mate, na kinyesi chake huwa na nyuzi ndefu ambazo hazikusagika. Akifika hapo na huna pumba laini za kumlisha kila siku, kumwachia ni kumhukumu njaa. Punda akiacha kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na anaweza kufa kwa mateso ndani ya siku chache. Hapo mwite daktari wa mifugo ammalize bila maumivu. Kama alikuwa na mwenzake waliyezoeana, mwache mwenzake aunuse mzoga hadi aondoke mwenyewe, la sivyo huweza kuzunguka akilia na kumtafuta, na kususa majani.

Kinachokwamisha ni gharama. Sindano inauzwa, na mzoga hauwezi kutupwa porini, kwa kuwa dawa hubaki ndani yake na mbwa au tai wakiula huweza kufa. Lazima shimo refu. Nani alipe fedha isiyorudi? Mzigo huu sioni haki kumbebesha mwenye mkokoteni peke yake. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa mazao sokoni, na mengi ya mazao hayo yalitoka shambani mgongoni mwa punda. Sehemu ya ushuru huo ilipie sindano na shimo.