Usugu wa dawa: tuache kumbebesha mgonjwa lawama zote

Kila usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na antibiotiki, unapozungumzwa, lawama humwangukia mgonjwa: hakumaliza dozi, alijinunulia antibiotiki bila cheti. Hayo yana mchango wake, sibishi. Lakini mtu aliyelazwa kufanyiwa upasuaji, akatumia kila dawa aliyoandikiwa, kisha kidonda kikaingia bakteria sugu akiwa humo humo wodini, yeye kosa lake ni lipi?

Tunasahau kwamba jeni za usugu, yaani maelekezo ya kurithi yanayompa bakteria usugu huo, zinahama. Nyingi hukaa kwenye plasmidi, vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu, na bakteria wawili wakigusana mmoja anaweza kumpa mwenzake nakala, hata kama si wa spishi moja. Plasmidi moja huweza kubeba usugu dhidi ya makundi kadhaa ya dawa kwa pamoja. Ndiyo maana dawa moja ikitumiwa ovyo, wanaobaki hai huenda wakawa wale wasiosikia hata dawa nyingine ambazo mgonjwa hajawahi kuzigusa.

Kisa kinachonitia hofu zaidi ni cha jeni iitwayo NDM-1. Mwaka 2008, mgonjwa nchini Sweden ambaye awali alilazwa India alikutwa na bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae mwenye jeni hiyo. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachovunja karbapenemu, antibiotiki ambazo madaktari huziweka akiba kwa wagonjwa mahututi. Jeni hiyo hiyo ikakutwa pia kwenye bakteria mwingine, E. coli, katika kinyesi cha mgonjwa yule yule. Yaani mwili wa mtu mmoja, spishi mbili, jeni moja. Tangu hapo imesambaa duniani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27. Kwa vifo vingi namna hiyo, mabango ya "maliza dozi" hayatoshi hata kidogo.

Mimi naona fedha zianze kwenda hospitalini kwenyewe. Mikono ya wahudumu, mipira ya mkojo inayoachwa siku nyingi bila sababu, mashine za kupumulia, na masinki! Bakteria hujijengea utando ndani ya mabomba ya maji machafu, wakakaa humo muda mrefu wakigawana plasmidi. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima peke yake hawezi kunawa kila anapopaswa kunawa, na kumkaripia hakumwongezei mwenzake wa zamu.

Kisha maabara. Bila kuotesha sampuli ya mgonjwa, yaani kuwakuza bakteria wake maabara, na kupima ni dawa ipi inafanya kazi, daktari anabahatisha, na anayebahatisha huandika dawa kali zaidi ili asikosee. Simlaumu. Namlaumu anayepanga bajeti ya hospitali, akanunua antibiotiki za bei ghali mwaka hadi mwaka huku maabara ikikosa vifaa vya kuoteshea.