Sukari kwenye vitamutamu vya nyumbani: mkate wa kumimina punguza, kashata iache kama ilivyo

Wiki iliyopita grupu letu la ukoo la WhatsApp lilichafuka. Binti wa mama mdogo aliandika kwamba kuanzia Idi inayokuja kila kitu kitamu kitakachopikwa pale nyumbani Ngamiani, Tanga, kitawekwa nusu ya sukari tuliyozoea, maana bibi ana kisukari na baba mdogo nae kliniki wameshamwambia ajiangalie. Shangazi akajibu kwa voisi ndefu, kifupi anasema kaimati isiyokolea sukari ni donge la unga la kukaanga, na mgeni akija siku ya Idi ukamuwekea kitu chapwa atatoka pale anasema nyumba hii ina mkono wa birika. Watu wakagawanyika, vijana huku wakubwa kule. Mi nilikaa kimya lakini nimeifikiria sana hii kitu kwasababu napika hivi vitu karibu kila wiki, na naona wote wawili wana haki ila kila mmoja anaongelea chakula chake, mmoja ana mkate wa kumimina kichwani na mwingine ana kaimati.

Tuanze na huyu binti. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yani vijiko 6 vya chai. Sasa chukua mkate wa kumimina wa kawaida, vikombe viwili vya mchele ulioloweka, tui, hamira, iliki na kikombe kimoja cha sukari. Kikombe kile ni gramu 200 hivi. Ukikata vipande 8 kila kipande kina gramu 25, umeshamaliza ya siku nzima kwa kipande kimoja na hapo chai haijamiminwa, na sisi chai yetu tunaijua, na nani Tanga anakula kipande kimoja?

Na huu mkate ndio mahali ambapo binti kashinda kabisa. Mi naweka nusu kikombe mwaka wa pili sasa. Unaumuka vilevile, maana hamira inahitaji sukari kidogo tu kuanza kazi na ikizidi sana ndio inaichelewesha, unashikamana vilevile kwasababu kinachoushika ni mchele sio sukari, tofauti niliyoiona ni kwamba juu haupati ile rangi ya kahawia haraka, inabidi mkaa wa juu uuongeze kidogo. Vitumbua hivyohivyo. Boga la nazi, viazi vitamu vya nazi, ndizi mbivu za tui, hivi vina utamu wake, ndizi inavyozidi kuiva wanga wake unageuka sukari wenyewe, ukisubiri ganda lijae madoadoa meusi huhitaji hata kijiko. Kuna kitu kingine watu hawakisemi, sukari nyingi inafunika ladha. Sisi tuko karibu na Amani iliki inakolimwa, nazi za Pangani ziko sokoni, halafu unakuna nazi mbili unakamua tui zito la kwanza unalimwagia kikombe kizima cha sukari mpaka hulisikii tena, kwakweli ni hasara. Siku nilipopunguza ndio niliusikia mkate, nikasikia mpaka chumvi ile kidogo. Halafu uandae ukiwa na uvuguvugu, ulimi unasikia utamu zaidi kwenye kitu cha moto kuliko kilichotoka kwenye friji.

Haya, tuje kwa shangazi, na hapa naomba vijana wasikilize vizuri kwasababu shangazi haongei kwa ukaidi, anaongea kwa mikono iliyopika miaka 40.

Kuna vyakula ambavyo sukari ndio mjengo wenyewe. Kashata ya nazi ni sukari iliyopikwa mpaka ikashika, ile nazi imeshikiliwa nayo, ukipunguza nusu hupati kashata yenye utamu wa wastani, unapata nazi mbichimbichi inayomong'onyoka kwenye sinia na kesho yake imechacha, maana sukari ndio inayofunga yale maji ya nazi yasiharibike. Halua ni hadithi hiyohiyo. Keki pia, zile za robo kilo sukari, robo kilo siagi, robo kilo unga na mayai manne, sukari inaposagwa na siagi ndio inakamata hewa ya kuiinua keki na ndio inabaki na unyevu ndani, unaweza kutoa robo ya ile sukari na asijue mtu lakini ukitoa nusu keki inakaa fupi, kavu, nyeupe. Hata zile askrimu za ubuyu na za maembe tunazogandisha nyumbani, sukari ndio inazuia zisiwe jiwe, punguza sana mtoto atavunja jino.

Na kaimati yenyewe sasa. Donge la kaimati ndani halina sukari ya maana, utamu wote uko kwenye shira. Binti alichofanya Ramadhani iliyopita ni kuifanya shira nyepesi, maji mengi sukari kidogo, akidhani kapunguza. Shira nyepesi haigandi juu, inaingia ndani, kaimati zikalowa zikawa kama sponji na tulipofika magharibi hakuna aliyezigusa. Ndio maana shangazi alipaza sauti, alikuwa anaikumbuka ile bakuli. Kumbe dawa ni kinyume chake, pika shira nzito ileile ya siku zote lakini pika kidogo, zirushe kaimati mara moja zipate ganda jembamba utoe, zisilale mle.

Hapohapo nitoe onyo moja kwa upande wa vijana. Kubadilisha sukari kwa asali, tende au sukari guru sio kupunguza. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, sukari guru ni sukari ya miwa ambayo haijasafishwa tu, tende angalau zina nyuzinyuzi lakini ni tamu kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Na kwa bibi yetu kisukari hakiishii kwenye utamu, kitumbua kisicho na sukari bado ni mchele na mchele unageuka sukari mwilini. Nimeshamuona mwenyewe akiambiwa hivi havina sukari, akala vinne. Bora angekula kimoja kitamu akajua amekula.

Kinachonisumbua zaidi kwenye huu ubishi ni kwamba tumesahau hivi vitu vilikuwa vinaliwaje. Kashata na halua zilikuwa zinakwenda na kahawa chungu, ile ya dele kwenye vikombe vidogo, haina sukari hata chembe, unamega kipande kidogo unapiga funda moja, utamu unakutana na uchungu na mtu hawezi kuendelea sana kwasababu vinakinaisha, ndio ulikuwa ukomo wake. Leo tunaweka kaimati, visheti, keki, halafu pembeni soda, na soda ya mililita 330 peke yake ina gramu kama 35 za sukari, zaidi ya vijiko 8. Hiyo sio kosa la kashata ya shangazi jamani.

Kuhusu mgeni kuona mkono wa birika, hilo nalikubali nusu. Heshima ya mgeni ni kweli na siichezei. Lakini mwanzoni mwa 2024 sukari ilipopanda mpaka kilo ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi, nyumba ngapi zilipunguza kimyakimya na hakuna aliyetukanwa? Ulimi unazoea, ukienda polepole baada ya wiki kadhaa kile cha zamani ndio kinakukaba koo. Kwa hiyo mi naona kosa la binti sio wazo, ni kutangaza nusu kwa vyakula vyote siku moja, tena siku ya Idi.

Jana nimempigia shangazi. Kashata hazitaguswa ila zitakatwa ndogo, za tonge moja, kaimati atapika mwenyewe kwa shira yake nzito na binti atakaa pembeni yake aone inavyovuta uzi. Soda haitawekwa mezani, itakuwepo kahawa na maji ya madafu. Mkate wa kumimina napika mimi, nusu kikombe, na shangazi kanambia niongeze iliki punje nne, mchele niuloweke tangu usiku.