Uzalendo wa mstarini, Katiba ya darasani

Katika shule zetu za msingi, siku huanzia mstarini. Bendera hupandishwa, Wimbo wa Taifa huimbwa, kisha "Tanzania, Tanzania, nakupenda kwa moyo wote". Mtoto wa darasa la kwanza huyajua maneno hayo kabla hajaweza kuyasoma. Wapo wanaoona hiyo ni kasumba. Sikubaliani nao: nchi yenye makabila zaidi ya 120 haikujiunganisha yenyewe, na mtaala ulioanza kutumika 2024 umefanya vyema kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili.

Wasiwasi wangu uko kwenye Katiba. Mara nyingi mwanafunzi hukutana nayo kama swali la mtihani: mihimili ya dola ni mingapi? Anajibu mitatu, anapata vema, imekwisha.

Wazazi na walimu wengi wanahofu kwamba mtoto akifundishwa haki zake atakuwa mkaidi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, lakini Katiba yenyewe inaijibu. Ibara ya 25 hadi ya 28 zinataja wajibu: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa. Dawati likivunjwa darasani, ibara ya 27 inatosha kuwa somo la siku nzima.

Sasa chukua kalamu iliyoibwa. Mwizi hajulikani, darasa zima linachapwa. Ibara ya 13(6) inampa mtu haki ya kusikilizwa, na inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ana hatia. Mtoto aliyeisoma atauliza: mbona mimi sikusikilizwa? Hapo ndipo watu wazima tunapokosa raha, na kwa maoni yangu hapo ndipo uraia unapoanza. Anayedai kusikilizwa leo atajifunza pia kumsikiliza mwenzake kabla ya kumnyooshea kidole.

Kuna hoja nyingine: tufundishe Katiba ipi, wakati hii ya 1977 bado inabishaniwa? Tume ya Jaji Warioba iliandaa rasimu, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Lakini atakayepiga kura hiyo siku moja atalinganisha na nini, kama hii iliyopo hajawahi kuishika mkononi?

Hoja ninayoipa uzito zaidi ni ya walimu. Mwalimu ni mtumishi wa umma, na swali la mtoto kuhusu ibara ya 8, inayosema serikali hupata mamlaka yake kutoka kwa wananchi, linaweza kumfikisha kwenye siasa asizozitaka. Anahitaji mwongozo wa maandishi unaomhakikishia kuwa kulijibu swali hilo ni kazi yake halali. Bila hivyo atarudi kwenye mihimili mitatu, na sitamlaumu.