Sannakji: Kumla Pweza Ambaye Bado Anajipinda

Mgeni anayetembelea soko la samaki la Noryangjin, jijini Seoul, hakawii kukutana na sannakji: pweza mdogo aliyetolewa majini papo hapo, akakatwakatwa na kutiwa mafuta ya ufuta. Minyiri huendelea kujipinda sahanini. Wageni wengi huishia kujiuliza kama watathubutu. Mimi naona swali zito zaidi ni la pweza mwenyewe.

Wanaoutetea mlo huu hawasemi ovyo. Haukubuniwa kuwashangaza watalii. Nakji, yaani pweza huyo mdogo, huvuliwa kwenye matope ya pwani ya kusini-magharibi ya Korea, na tangu mwaka 1814 msomi Jeong Yak-jeon, akiwa uhamishoni kisiwani Heuksando, aliandika kwamba ng'ombe aliyedhoofu akilishwa nakji wachache hurudiwa na nguvu. Isitoshe, mnyiri uliokatwa kuchezacheza hauthibitishi kwamba mnyama yu hai. Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na takriban theluthi mbili zimo minyirini, ndiyo maana hujongea hata ikitenganishwa na kichwa. Mpishi akianza na ubongo, pweza hafi kwa mateso kama samaki anayeachwa akose pumzi juu ya sitaha, na huyo tunamla bila kuuliza lolote.

Lakini wapo wanaomzungusha pweza mzima kwenye vijiti vya kulia na kumtafuna angali hai. Hapo utetezi wote unaniishia. Wanasayansi waliopitia tafiti zaidi ya 300 kwa ajili ya serikali ya Uingereza walihitimisha mwaka 2021 kwamba pweza, kaa na kamba wana hisia, maumivu yakiwemo. Mwaka uliofuata sheria ya nchi hiyo ikawatambua hivyo. Haikukataza kuwala, ila tangu hapo ni vigumu kudai hatujui.

Hatari kwa mlaji ipo pia: vinyonyeo hung'ang'ania koo, na watu wamekufa kwa kukabwa. Ni lazima kutafuna sana.

Kwa hiyo, aliyekatwa ningemla, baada ya kumuuliza mpishi kisu kilianzia wapi. Mzima ningemkataa, hata mwenyeji akinisihi. Na asiyetaka yote mawili aagize nakji-bokkeum, pweza aliyekaangwa kwa pilipili. Wakorea wenyewe huipenda sana, na mvuvi hulipwa vilevile.