Usiku niliotafsiri mdudu ambaye hayupo

Kwanza mnijue mimi ni mtu wa aina gani, manake msiponijua hamtanionea huruma. Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, kuna jamaa anapika rolex jioni, si saa ile, ni chapati inaviringwa na mayai, na kwenye benchi lake mimi ndo mzee wa muvi. Taja muvi yoyote, nina maoni. Fupi, kali, na siulizwi mara mbili.

Godfather ya 1972? Nilisema hiyo ni muvi ya harusi, tena iliyopangwa ikapangika, baba wa bibi harusi kakaa ndani anapokea wenye shida mmoja mmoja na siku hiyo hakatai mtu, huyo ningempata kwenye kamati yangu mimi nisingebaki na deni la mahema hadi leo. Titanic ya 1997? Mapenzi matamu melini, kijana hana kitu kapata mtoto wa kitajiri, mwisho mzuri. Watu wakawa wananiangalia tu. Ukweli ni kwamba siku ya Titanic umeme ulikatika meli haijagonga barafu nikaenda zangu kulala, na Godfather nimeona nusu saa, ile nusu saa ya harusi.

Zipo nilizomaliza, msinidharau. Commando ya 1985 naijua kama Baba Yetu, Schwarzenegger anashuka na gogo begani kama mtu katoka shamba na mkungu wa matoke, halafu wanamuibia binti yake, basi, anamaliza watu kisiwa kizima. Who Killed Captain Alex, muvi yetu ya Uganda, kaiongoza Nabwana kule Wakaliga, Kampala, ya 2010, jina lenyewe linauliza nani kaua na muvi inaisha hujaambiwa, na wala huumii. Na ile The Last King of Scotland ya 2006, Forest Whitaker kachukua Oscar kwa kumcheza Amin, niliiangalia na mzee mmoja aliyekuwa jeshini enzi zile, kakaa kimya mwanzo mwisho halafu akasema, "Sura sawa. Lakini Amin alikuwa mrefu kuliko huyu." Hayo maoni niliyaiba siku hiyo hiyo, nayatumia kama yangu.

Sasa ikaja Parasite. Ya Korea Kusini, ya 2019, ya Bong Joon-ho, na mwaka 2020 ikachukua Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuichukua hiyo. Hayo yote niliyasikia redioni. Muvi yenyewe sikuiona. Lakini jamani parasite si tulifundishwa tangu praimari, minyoo, kupe, chawa? Nikawaambia watu wa benchi kwa utulivu kabisa, "Ni muvi ya mdudu anaingia tumboni mwa watu. Wakorea wamemtengeneza yule mdudu hutaamini." Nikalisema hilo miaka. Hakuna aliyebisha.

Jirani na rolex kuna kibanda cha video cha Hajji, mabenchi ya mbao, skrini moja kubwa, spika mbili zinatetemesha mabati, kiingilio elfu moja. Kwa wasiojua, huku kwetu muvi haiendi bila VJ, anakaa na maiki anatafsiri juu ya sauti, anatia chumvi, watu wanamfuata yeye kuliko steringi. VJ wa Hajji anatafsiri Kiganda. Usiku huo kaenda mazishini Mbale, na foleni ya trela mpakani imelala, kibanda kimejaa madereva, Wakenya, Watanzania, wawili watatu wa Kongo, wote wanataka Kiswahili.

Hajji akanijia kwenye benchi. "Mwanangu, we si ndo unajuaga muvi zote?"

Hapo ndo ningesema hapana.

"Hajji, niletee yoyote."

Akatoa flashi mfukoni. "Kuna hii Parasite, huwa unaisifia sana."

Nikaingia na maiki. Muvi inaanza, wanaongea Kikorea, nasubiri yale maandishi ya chini, hayapo. Hayapo kabisa! Watu arobaini na kitu wamenigeukia. Jasho likaanza kwenye kisogo. Naona familia ya watu wanne kwenye nyumba iko nusu chini ya ardhi, wanakunja maboksi ya piza, sijui niseme nini, mara nje ya dirisha jamaa anapita anapulizia dawa, moshi unaingia mpaka ndani wanakohoa. Mungu si Athumani! "MNAONA!" nikapiga kelele. "Serikali imeshajua kuna mdudu! Inapulizia!"

Kibanda kikatulia. Wameingia.

Na nawaambia, sijui yule Bong Joon-ho alinifanyia makusudi, manake kila kitu kilikubali. Kijana akaenda kwenye jumba la tajiri kumfundisha binti, nikasema ameenda kumpima. Yule mama mfanyakazi wa ndani akaanza kukohoa hovyo, nikasema kashaingiwa huyo, muangalieni shingo! Mara wakaonyesha tishu ina wekundu kama damu, kibanda kizima "Eeeeh!", mama wa chai mlangoni akaweka birika chini. Na kabla ya hapo, dereva wa tajiri alipofukuzwa, madereva waliguna, mmoja akauliza kosa lake nini, nikasema wamemkuta na mdudu garini. Akasema, "Mbona nimeona wameokota chupi?" Nikajifanya spika inakwaruza.

Kila baada ya dakika kumi mtu anauliza, "VJ, mdudu mwenyewe yuko wapi?" Na mimi, "Anakuja. Tulieni, anakuja." Nami nilikuwa namsubiri kama wao, wallahi. Usiku wa mvua yule mama karudi, kashuka chini ya nyumba, anasukuma kabati kajinyoosha hewani miguu ukutani, kabati likasogea, kuna mlango, kuna ngazi zinashuka gizani. Nikasimama juu ya kiti. "HUYO SASA ANATOKA!" Dereva mmoja wa Mombasa, karatasi zake zilikuwa zimeshatoka na tanboi wake anamvuta shati, akaondoka anatembea kinyumenyume macho kwenye skrini.

Akatokea mwanaume. Mtu tu. Kakonda, macho yamemtoka.

Kimya.

"Huyo," nikasema, sauti imepungua, "ndo mdudu kajigeuza."

Nikaendelea kuburuza. Mafuriko yakaja, choo kinatapika maji meusi, nikasema mayai ya mdudu hayo, wengine wakaanza kucheka vibaya. Ikafika ile sehemu ya garini, baba wa ile familia ndo dereva sasa, na mke wa tajiri kiti cha nyuma anaziba pua anafungua kioo. Nikasema, "Mama ananusa mdudu."

Mzee mmoja kutoka Tanga, kofia imechakaa, alikuwa hajasema neno tangu saa mbili, akainuka. "We kijana. Ushawahi kumuendesha bosi?"

"Hapana mzee."

"Hamnusi mdudu. Anamnusa dereva. Zima hiyo maiki, umetuharibia muvi nzuri."

Wakanizima. Tena maiki alikuja kuichukua mama wa chai, kwa upole kama ananyang'anya mtoto kisu. Wakamaliza muvi bila VJ, Kikorea kitupu, na kwenye ile bethdei mwishoni, tajiri alipoziba pua na yule dereva akashika kisu, mabenchi yote yalisimama, madereva wanapiga mabati kwa ngumi. Hakuna aliyeuliza kilichotokea. Mama wa chai akaninong'oneza, "Mimi tangu mwanzo niliona ni watu wanatafuta kazi tu, lakini nikasema labda wewe ndo umesoma."

Hajji hakunidai hela. Alisema nitatafsiri Commando wiki nzima bure, nikatafsiri, siku saba gogo begani. Parasite nimeshaiangalia mara mbili, yenye maandishi. Kwenye benchi la rolex jina langu sasa ni Minyoo, hata watoto wa shule wanajua.

Juzi nimekaa pale, trela ikasimama katikati ya barabara, honi, boda zinatukana nyuma, dereva katoa kichwa dirishani. Yule wa Mombasa.

"VJ! Ile ya mdudu, sehemu ya pili imetoka?"

Benchi zima likanigeukia.

"Imetoka bosi," nikamwambia. "Kali kuliko ya kwanza."