Paneli Yenye Wake Wawili

Jumapili shemeji yangu alitutembelea mtaani kwetu Utawala, Nairobi. Alimaliza chai vikombe viwili kabla ya kutandaza kipeperushi mezani. "Shem, hii ni sola ya mseto. Paneli moja inakupa stima na maji moto. Ya nini kujaza paa vyuma?" Halafu akataja bei, nikapaliwa. Mimi nashikilia viwili mbalimbali: paneli za stima peke yake, na mirija ya kioo ya kupasha maji kwa jua peke yake.

Ngoja nieleze polepole, maana siku hiyo nilieleza kwa sauti hadi mke wangu akanifinya. Paneli ya kawaida hugeuza karibu sehemu moja kwa tano ya jua kuwa stima, na kiasi kikubwa cha jua linalobaki huishia kuwa joto. Joto lenyewe ni adui yake: kila digrii inayopita 25, nguvu zake hupungua kwa kama asilimia 0.3 hadi 0.4. Basi wajanja wakapitisha maji mgongoni mwake: paneli ipoe, wewe uoge. Hadi hapo hata mimi napiga makofi.

Lakini tangini nataka maji ya digrii 50 na zaidi. Sasa maji yakishafika 50, yatapoza nini tena? Huyu ni mume wa wake wawili: Stima anamtaka akiwa baridi, Bafu anamtaka akiwa moto, na kila siku mmoja wao amenuna. Ulaya wanaweza kuwapatanisha, kwa sababu maji ya uvuguvugu yanatosha kupasha sakafu ya nyumba. Sakafu! Mimi ni kichwa changu kinachongoja, Julai, saa kumi na moja asubuhi.

Na Julai ya Nairobi mnaijua. Kupasha lita 150 kutoka digrii 18 hadi 50 kunataka kama uniti 5.6 za stima. Mirija ya kioo iliundwa kwa kazi hiyo tu. Kati ya kuta zake mbili za kioo kuna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, upepo haulambi joto. Paneli nyingi za mseto hazina kioo cha pili juu, kwa hiyo kijibaridi kikivuma, joto linakwenda nacho. Ukiziwekea kioo, stima inaumia. Wake wawili, nimesema.

Tena mrija ukipasuliwa na mpira wa watoto, nabadilisha huo mmoja na taa zinaendelea kuwaka. Maji ya kisima yakiziba mabomba kwa chokaa, paneli za stima hazina habari.

Haya, kwenye ghorofa za mtaa wa Pipeline, ambako paa lote ni matangi na kamba za nguo, mseto utavuna zaidi kwa kila mita ya mraba. Hapo namkubalia, shingo upande. Ila mimi siishi Pipeline, na paa langu linaweza kuanika mahindi ya mtaa mzima. (Kanuni za 2012 za kupasha maji kwa jua zilipotoka, landilodi wangu wa wakati huo alijifanya hajui kusoma. Labda ndiye angehubiriwa.)

Akiaga, shemeji aliuliza kama yule jirani wa geti jeusi ameshaweka sola. Ndipo nikajua kuna kamisheni.